Kompyuta ya Kazi na Kompyuta ya Kujionyesha

Jambo hili tumelinyamazia siku nyingi, kwa kuwa tulidhani ni maneno ya barazani tu, yapitayo kama moshi wa jioni. Kumbe hayapiti. Yameingia katika nyumba za walimu na wauguzi, na za akina mama wenye maduka, toka Masisi na Nyabiondo mpaka Mubi na Walikale, nayo yanawatia watu hasara. Maneno yenyewe ndiyo haya: "Ile kompyuta ndogo ya bei ndogo, ile iitwayo Chromebook, si kompyuta. Ni telefoni iliyoota meno."

Watu walicheka. Nasi tulicheka mara ya kwanza, maana mfano ni mzuri, ukiyatazama yale mabonyezo yake yamepangwa kama meno ya mtoto. Lakini kuna mwalimu mmoja, jirani yetu, aliyekuwa amekwisha kupatana bei ya kompyuta kama hiyo. Aliposikia kicheko akairudisha kwa mwenyewe, akaenda kukopa fedha kwa wenzake, akanunua mashini kubwa, nzito, yenye taa nyekundu chini ya vidole, iliyotengenezwa kwa vijana wa Ulaya wachezao michezo ya vita. Leo mashini hiyo iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono kama sanamu. Haiwaki, kwa sababu sola ya mwalimu haiwezi kuilisha. Na deni lingali linalipwa.

Tulimwuliza: "Mwalimu, mashini hii uliinunua kwa kazi gani?"

Akajibu: "Kwa kuandika maswali ya mitihani na pointi za watoto, Baba Katekista."

"Na ile ndogo ilishindwa kuandika pointi?"

Akainama, akacheka kidogo. "Haikushindwa. Lakini wenzangu wangesema nini?"

Basi, leo twapigana na hilo "wangesema nini". Twasema wazi, na anayetaka kukasirika akasirike: kwa nyumba nyingi za Masisi na Walikale, kompyuta ile ndogo yatosha, tena yafaa kuliko ile kubwa. Anayewacheka wenye kuinunua hajui umeme wa nyumba zao, wala hajui wamekimbia mara ngapi.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana wengi wanaokitukana hawajakishika. Chromebook ni kompyuta ya kubeba, au ordinateri kama tusemavyo wengi huku Kivu. Kwa umbo ni kama nyingine zote. Tofauti iko ndani. Kompyuta ya kawaida hubeba programu nyingi tumboni mwake: moja ya kuandika, moja ya hesabu, moja ya picha, na nyingine za kuzilinda hizo. Hii hufanya karibu kazi zote kwa programu moja tu, ile ya kuingilia intaneti, ambayo watu wa kamusi huiita kivinjari. Barua, hesabu, picha, masomo, vyote hupitia mlango huo mmoja, na kazi yako huwekwa katika ghala la mbali, haikai katika mashini peke yake. Kampuni ya Google ya Marekani ndiyo iliyoianzisha. Za kwanza, zilizotengenezwa na Samsung na Acer, ziliuzwa tarehe 15 Juni 2011. Mwaka uliofuata Acer ilitoa moja ya dola 199. Tangu 2016 nyingi zimeweza kupokea pia programu za telefoni za Android. Kwa kuwa mzigo wake ni mwepesi, haihitaji tumbo kubwa wala moyo wenye nguvu nyingi. Hiyo ndiyo sababu ya bei yake kuwa ndogo; haikutengenezwa kwa takataka.

Sasa tuhesabu kazi za nyumba zetu. Baba ni mwalimu: anaandika maswali, anajumlisha pointi, anatayarisha bulletini. Mama anauza fromaji na maharagwe: anataka daftari la wanaodaiwa. Kijana amemaliza sekondari: anatafuta kazi, anaandika barua ya kuomba, anatuma nakala ya diploma. Mdogo wake anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali, anataka kusoma maelezo ya hesabu na ya biolojia. Shangazi yuko Kampala, anataka kuonana na wajukuu kwa picha. Je, katika hizo kazi tano, iko wapi inayodai mashini ya dola 800? Sisi hatuioni. Mwenye studio ya picha za arusi, atengenezaye video ndefu, huyo ana haki ya kutafuta mashini yenye nguvu. Ni kazi yake, nayo humlipa. Vilevile mhasibu aliyefungwa na programu fulani ya ofisi yake. Hatusemi juu ya hao. Twasema juu ya mwalimu, na mama wa fromaji, na kijana mwenye diploma.

Watu hao leo huenda wapi? Huenda sekretariati publiki, kwa yule kijana mwenye meza, kompyuta na imprimante pembeni ya barabara. Hatumtukani; amesaidia wengi. Lakini kila ukurasa una bei yake, na kila kosa la kusahihisha lina bei yake, na barua ya kuomba kazi huandikwa upya kila mara kwa kuwa ya kwanza imepotea. Tena siri zako zote hubaki katika mashini ya mtu mwingine. Mwenye kompyuta yake nyumbani huandika mwenyewe usiku, husahihisha apendavyo, kisha hupeleka kwenye flashi karatasi iliyokwisha kamilika, na kulipa kuchapa tu. Na hapa tutoe onyo dogo: Chromebook nyingi hazipatani na imprimante za zamani. Kwa hiyo geuza maandishi yako yawe PDF kwanza, ndipo uyapeleke. Ukifanya hivyo hutagombana na mtu.

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo wenye majivuno huanguka kabisa. Nyumba nyingi za kwetu hazina waya wa umeme. Zina sahani moja ya sola juu ya bati la nyumba, na betri moja chini ya kitanda. Sahani ya wati 50, jua likiwaka vizuri saa nne hivi, huleta kama wati-saa 200. Nyingine hupotea njiani, waweza kubakiwa na 130 au 150. Betri ya Chromebook nyingi hubeba wati-saa 40 hivi. Hesabuni wenyewe: unaijaza mashini, na bado unazo taa za jioni na telefoni za nyumba nzima. Ikiwa mpya hufanya kazi saa nane, hata kumi. Ikiwa ya okazioni, labda tano, na hizo tano zatosha kuandika mitihani ya darasa zima. Lakini kompyuta kubwa ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 100 na zaidi kila saa. Na ile yenye taa nyekundu, ikianza michezo yake, hula kama hiyo au kuizidi. Mwalimu wetu aliijaribu jioni mbili. Jioni ya tatu watoto walisoma kwa mshumaa, na mama akasema neno moja, nayo ikapanda kabatini.

Juu ya ugonjwa wa flashi hatutakawia. Kila mtu anayefanya kazi na kompyuta huku amekwisha kuona flashi iliyorudi kutoka mjini na majina ya ajabu, na maandishi yake yote yamegeuka njia za mkato zisizofunguka. Virusi hivyo karibu vyote viliandikwa kwa ajili ya mashini za Windows. Katika Chromebook haviwezi kukimbia. Unafuta takataka, unaendelea na kazi.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Ndugu, sisi ni watu wa kukimbia. Si kwa kupenda. Rubaya ilitwaliwa na wapiganaji wa M23 mwisho wa Aprili 2024. Mwanzo wa Januari 2025 vita vikafika Masisi penyewe, kisha Sake, na tarehe 27 mwezi uleule Goma. Tarehe 19 Machi 2025 wakaingia Walikale, wakatoka mwanzo wa Aprili. Mbele ya hayo, watu wengi wa Masisi walikuwa wamekwisha kulala miezi na miezi chini ya mahema ya Bulengo na Lushagala, karibu na Goma. Na mwezi wa Februari 2025 makambi hayo nayo yakavunjwa, watu wakatawanyika tena. Katika kukimbia hivyo mtu hubeba nini? Hubeba mtoto, sufuria, godoro, na mbuzi kama anaweza kutembea. Karatasi husahaulika, au hulowa mvua, au huungua pamoja na nyumba. Na mtu asiye na karatasi, hata akiwa amesoma miaka kumi na miwili, akifika ugenini ni nani? Ataonyesha nini?

Tunamjua mama mmoja muuguzi wa upande wa Masisi. Mwaka 2023 mjomba wake alimpa Chromebook ya okazioni, naye jioni moja ya mvua, bila kazi nyingine ya kufanya, akapiga picha karatasi zake zote moja moja: diploma yake ya A2, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya shamba la mama yake, na ile barua ya kwanza ya kazi. Akaziweka katika ghala la mbali. Mwaka uliofuata akakimbia. Nyumba iliungua. Mashini yenyewe ilinyang'anywa njiani, kwenye barieri, na aliyeinyang'anya hakusoma kitu, kwa sababu mashini hizi hufunga maandishi ya mwenyewe kwa fumbo, na bila neno la siri hayasomeki. Alipofika Goma aliazima telefoni ya dada mmoja, akaingia katika akaunti yake, akachapa nakala ya diploma, akaenda kuomba kazi. Nakala si karatasi yenyewe, twajua. Lakini ina namba, na mwenye namba anaweza kufuata duplikata. Asiye na namba huanza kwa kuapa.

Ile mashini kubwa ya kabatini ingemfaa nini mama huyu? Kila kitu kingekuwa tumboni mwake, na tumbo limekwenda na mwizi. Wengine watasema kwamba hata mwenye kompyuta kubwa aweza kuweka karatasi zake katika ghala la mbali. Ni kweli, aweza. Lakini wangapi hufanya? Katika Chromebook kuweka mbali ndiyo njia ya kawaida; katika ile nyingine ni kazi ya kukumbuka, na binadamu hukumbuka baada ya moto.

Lakini kaka wa mama huyohuyo alipatwa na jambo la kutuhuzunisha. Yeye pia aliweka karatasi zake mbali, tena aliongeza ulinzi: kila akiingia katika mashini ngeni, namba ya kuthibitisha ilikuja kwenye telefoni yake. Njiani wakamnyang'anya telefoni pamoja na laini. Tangu siku ile hajaingia. Karatasi zake zipo, hazikuungua, ila mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mtu asiyejulikana. Kwa hiyo twawasihi wote wenye kutumia njia hii: Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8, za kutumiwa siku telefoni inapopotea. Ziandike kwenye karatasi, ishone karatasi ndani ya upindo wa kitenge au kola ya koti, na nakala nyingine mpe ndugu akaaye mbali. Tena, akaunti isiyoguswa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vitu vyake. Basi hata ukiwa kambini, mara mojamoja azima telefoni uingie, hata kwa dakika moja. Na ghala hilo la bure lina kipimo, GB 15 kwa barua, picha na karatasi zote pamoja. Usilijaze kwa video za arusi ya jirani.

Haya, tuwape wapinzani wetu nafasi, maana wana neno moja lenye nguvu. Wanasema: "Hiyo ni mashini ya intaneti, na huku intaneti iko wapi? Kule porini Walikale mtu hupanda kilima kutafuta rezo, ananyoosha mkono juu kama anayeomba mvua. Mnara ukikosa mazuti, hununa wiki nzima. Mtafanya nini na mlango usio na njia?"

Hatutawajibu kwa ujanja. Ni kweli kwamba Chromebook haifunguki mara ya kwanza kabisa bila intaneti. Anayeipeleka ikiwa bado mpya katika kijiji kisicho na rezo amepeleka ubao. Ni kweli pia kwamba mahali ambapo rezo haifiki kabisa, ambapo mtu hukaa miezi mitatu bila kuiona, mashini hii haifai. Mtu wa huko anunue kompyuta ya kawaida, ya bei ya kiasi, wala asisikilize sisi. Lakini wapinzani wetu hufanya kana kwamba teritwari zote mbili ni msitu wa namna hiyo. Si hivyo. Wengi wetu tunayo rezo, ila hutujia kama soko: siku fulani, mahali fulani. Kwa mtu wa rezo ya namna hii mashini yafaa, akijua kuitayarisha. Aliyekwisha kuingia mara moja aweza kuingia tena kwa neno lake la siri bila rezo yoyote. Maandishi na hesabu zaweza kuandikwa bila rezo, ila sharti uiwashe ruhusa hiyo mbele, ukiwa ungali na rezo. Hapo ndipo wengi hukosea, kisha hulaumu mashini. Baada ya hapo andika wiki nzima nyumbani kwako. Siku ya soko ikifika, ibebe mpaka penye mnara, ifungue, na kazi yote itajipeleka yenyewe ghalani wakati wewe unauza mihogo.

Juu ya gharama ya mega, tuseme kweli tupu. Maandishi ni mepesi mno. Ukurasa mmoja ulioandikwa haufiki mega moja, wala nusu, wala robo. Lakini video fupi ya mtu aliyeteleza kwenye ndizi hula mega kumi, ishirini, na wale wale wanaolia kwamba Chromebook itamaliza mega zao, tumewaona usiku wakicheka peke yao gizani mpaka forfé imekwisha. Waseme basi kwamba hawataki, wasisingizie mega.

Na njia zinafunguka polepole. Vile vyombo vya Starlink, vinavyopokea intaneti kutoka angani, vilikatazwa nchini Kongo mwezi wa Machi 2024. Mwezi wa Mei 2025 vikapewa ruhusa. Bei yake si ya nyumba moja. Lakini shule, zahanati na wenye maduka watano wakishirikiana, si jambo la ndoto.

Wapo pia wasemao: "Kuweka karatasi zetu Marekani ni kujitia utumwani." Neno hili hatulicheki. Mwenye ghala ni kampuni, na kampuni hutazama faida yake. Ila twauliza: ghala lenu ninyi liko wapi? Sanduku la bati chini ya kitanda tumekwisha kuliona likiungua. Kwa hiyo weka katika yote mawili, sandukuni na mbali. Na mambo ya siri kubwa, yale ya kuhatarisha uhai wa mtu, usiyaweke popote.

Sasa lile tusi la mwisho: "mashini ya maskini". Hapo ndugu zetu wametuumiza, kwa kuwa hawajui wanayemtukana. Ndani ya kompyuta nyingi, ndogo na kubwa, kuna vitu vidogo vya kutunza umeme vinavyotengenezwa kwa tantali, na tantali hutoka katika koltani. Koltani hutoka Rubaya, teritwari ya Masisi. Mwezi wa Septemba 2024 Bibi Bintou Keita, aliyeongoza MONUSCO wakati huo, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba biashara ya Rubaya yakadiriwa kutoa zaidi ya sehemu 15 katika kila 100 za tantali ya dunia nzima, na kwamba M23 walikuwa wakipata kwayo kama dola 300,000 kila mwezi. Na vipande vyote vya ndani huungwa kwa bati. Bati hutoka Bisie, teritwari ya Walikale. Wazee wa Walikale wangali wakikumbuka siku ambazo wachimbaji walilibebea madini mgongoni katika njia za msitu, na ndege zikatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuyachukua. Mwaka 2024 mgodi wa kampuni ya Alphamin pale Bisie ulitoa tani zaidi ya 17,000 za bati, karibu sehemu 6 katika 100 za dunia. Mwezi wa Machi 2025, vita viliposogea, kazi ikasimama, ikaanza tena Aprili.

Basi ndani ya mashini ya dola 150 na ndani ya mashini ya dola 1,500 mna udongo wetu uleule. Kijana aliyeingia shimoni Rubaya hakuchimba koltani ya maskini upande huu na koltani ya matajiri upande ule. Aibu yetu si kuwa na kompyuta ndogo. Aibu ni kwamba tumeutoa udongo huo miaka yote hii, na mtoto wa mchimbaji bado hajui kushika hata ile ndogo, kisha anakuja mtu aliyevaa vizuri kumwambia kwamba asiposhika kubwa asishike kitu.

Tukisema hivyo tusije tukawatupa watu mikononi mwa wauzaji, kwa kuwa huko nako kuna shimo, nasi tuliingia wenyewe. Mwaka 2020, wakati wa Korona, shule za Marekani zilinunua Chromebook kwa mamilioni ili watoto wasomee nyumbani. Mashini za shule namna hiyo, zikichoka, huuzwa tena, na nyingine huja Afrika kama nguo za okazioni. Tulinunua moja dukani, mjini, hatutaji wapi. Ilikuwa safi, bei njema, kioo hakina mkwaruzo. Tulipofika nyumbani tukaiwasha, ikaandika kwamba ni mali ya shule fulani ya mbali, ikadai neno la siri la mwanafunzi wa huko. Tuliifuta yote na kuanza upya. Ikarudi kudai lilelile. Kufuli hilo halikai tumboni mwa mashini, liko kwa Google penyewe, na hakuna wa kulifungua ila shule iliyoliweka. Muuzaji alisema hakujua. Labda hakujua. Mashini hiyo sasa tunakatia nyanya.

Shimo la pili ni tarehe. Kila Chromebook ina siku ambayo Google huacha kuipelekea dawa za kuilinda. Zamani ilikuwa miaka mitano tu, na watu wengi duniani walilalamika, kwa haki. Mwezi wa Septemba 2023 Google ikatangaza miaka kumi. Lakini sikilizeni vizuri: miaka hiyo huhesabiwa tangu aina ile ya mashini ilipotoka mara ya kwanza, si tangu siku uliyoinunua wewe. Ukinunua leo mashini ya aina iliyotoka miaka tisa iliyopita, umenunua mwaka mmoja. Baada ya tarehe haizimiki, huendelea kuandika na kusoma, ila haina ulinzi mpya, na polepole milango ya intaneti huanza kuikataa. Na wale wa mashini kubwa wasishangilie hapa: Windows 10, ambayo wengi wao wangali wakiitumia, Microsoft imeacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini zao nyingi za okazioni haziwezi kupokea Windows 11. Baadhi ya mashini hizo zaweza kuokolewa kwa kuwekewa ChromeOS Flex, ambayo Google huitoa bure tangu 2022 na huingizwa kwa flashi. Yaani ile kubwa iliyocheka yaweza kupona kwa kugeuzwa kuwa ndogo.

Kwa hiyo usitoe fedha mbele ya kuiona ikifunguka. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, penye rezo; uingie kwa akaunti yako mwenyewe, si kwa yake; ufungue mipangilio, mahali pa habari za ChromeOS, usome tarehe ya mwisho kwa macho yako. Akisema rezo leo haipo, rudi kesho. Akisema kesho itakuwa imeuzwa, mwache aiuze.

Juma lililopita mwalimu wetu alikuja nyumbani jioni, amekunja ile kitambaa ya kabatini chini ya kwapa. Mashini kubwa ameiuza kwa kijana wa studio ya picha, kwa hasara, na fedha zilizopatikana zimelipa nusu ya deni. Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na majina ya Chromebook tatu za okazioni alizoziona, na mbele ya kila jina ameandika tarehe. Mbili zilikuwa zimebakiwa na chini ya mwaka. Akatuuliza juu ya ile ya tatu, kama miaka minne itamfikisha mpaka kifungua mimba wake amalize sekondari. Tukahesabu pamoja. Itamfikisha, na mwaka mmoja utabaki.